Siku Kumi Chuoni Nairobi, Julai 1985

Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi si ndefu. Upande mmoja ipo Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi na wawindaji. Ng'ambo yake lipo Jumba la Kitaifa la Maigizo, na ukisogea hatua chache umeingia Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 16 Machi 1922, wakati ambapo hakuna aliyewazia chuo mahali hapo, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa jirani ukidai mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe huru. Wajumbe waliotumwa kuzungumza na wakuu wa serikali walirudi na maneno ya kuwatuliza watu ili waende zao makwao. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru alichomoka kati ya wanawake wenzake, akapandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni hilo wampe yeye suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kuwavulia wanaume nguo mbele ya kadamnasi ni fedheha isiyovumilika. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao wakafyatua zao. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo vya watu 21. Wenyeji walisema ni zaidi ya hapo.

Kwa hiyo maelfu ya wanawake walipomiminika mahali hapo Julai 1985, hawakuwa wa kwanza kupaza sauti katika mtaa ule. Walikuwa wa kwanza kualikwa.

Mwaliko wenyewe ulitokana na Umoja wa Mataifa, uliotangaza miaka ya 1976 hadi 1985 kuwa Muongo wa Wanawake. Mkutano wa kwanza wa dunia ulikuwa umefanyika Mexico City mwaka 1975, wa pili Copenhagen mwaka 1980, na wa tatu, wa kupima muongo umeleta nini, ukapangiwa Nairobi. Kila mara mikutano hiyo ilikwenda miwili miwili. Ulikuwepo wa serikali, wenye wajumbe, bendera na hotuba zilizochapwa mapema. Pembeni yake palikuwa na jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali, ambalo mtu yeyote mwenye jambo angeweza kulifikia. Nairobi, serikali zilipewa Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC, kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai. Jukwaa, lililojulikana kama Forum 85, likapewa Chuo Kikuu kuanzia tarehe 10 hadi 19. Kati ya jumba lile na chuo ni mwendo wa miguu tu, na ukaribu huo ulikuja kuwa na maana kubwa.

Chuo kilichopewa wageni hakikuwa katika hali ya kawaida. Kilikuwa kimeanza mwaka 1956 kama chuo cha ufundi cha wakoloni, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alipata hapo shahada ya uzamivu katika anatomia ya wanyama, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Mwaka 1976 aliongoza idara yake, mwaka 1977 akawa profesa mshiriki. Vyeo hivyo havikumpa posho ya nyumba kama ya wenzake wa kiume, kwa kuwa wakuu wa chuo waliamini mwanamke aliyeolewa anatunzwa na mumewe. Yeye na mwanabiokemia Vertistine Mbaya wakaanza kudai haki sawa. Mwishowe chuo kiliwapa wao wawili walichokidai, na wanawake wengine wakabaki vilevile. Ndivyo wenye madaraka wanavyopenda kumaliza madai: humridhisha mwenye kelele, kanuni ikaachwa mahali pake.

Mwaka 1982 Maathai aliacha kazi ili agombee ubunge kule Nyeri. Alienguliwa kwa hoja ya kasoro katika uandikishaji wake wa kura. Alipotaka kurudi chuoni, nafasi ilikuwa imekwisha kwenda, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Mwaka huohuo Micere Githae Mugo, mwandishi na mwalimu wa fasihi ambaye mwaka 1980 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa mkuu wa kitivo, alikimbilia uhamishoni. Baadaye alinyang'anywa uraia, akawa mwalimu Zimbabwe. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1 liliifanya serikali ikitazame chuo kama tundu la nyoka: kilifungwa kwa zaidi ya mwaka, na viongozi wa wanafunzi wakatupwa gerezani. Kilipofunguliwa hakikutulia. Jumapili ya tarehe 10 Februari 1985, wanafunzi wakiwa kwenye uwanja wa michezo katika maombi ya kuwatetea wenzao waliofukuzwa, polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Walijeruhiwa wengi, na mwanafunzi mmoja kwa uchache alipoteza maisha.

Miezi mitano baadaye, viwanja vya chuo hichohicho vilifunguliwa ili watu kutoka pembe zote za dunia waseme wanalotaka. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilitaka sifa ya kuwa mwenyeji, na mkutano wa Umoja wa Mataifa hauji bila jukwaa lake. Aliyetaka mmoja alilazimika kuumeza na mwingine.

Kazi ya kuufanya umezeke iliwaangukia wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa Nita Barrow wa Barbados, muuguzi kwa taaluma, aliyewahi kuwa rais wa YWCA ya dunia. Yeye ndiye aliyekuwa mratibu mkuu wa Jukwaa. Wa pili, kwa upande wa wenyeji, alikuwa Eddah Gachukia, aliyefundisha fasihi katika chuo hichohicho na kuwa mbunge wa kuteuliwa kuanzia mwaka 1974 hadi 1983. Gachukia alilijua bunge lile kwa ndani. Alikuwemo mwaka 1979 lilipoutupa muswada wa sheria ya ndoa, ambapo wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine kulalamika kwamba sheria hiyo ingewanyima waume haki ya kuwarudi wake zao kwa kiboko. Kabla ya hapo, mwaka 1969, bunge lilikuwa limeifuta sheria iliyomlazimu mwanamume kumtunza mtoto aliyezaa nje ya ndoa. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake Machi 1984, ikiwa imebaki miezi kumi na sita wageni waingie. Anayetaka kusema ni sadfa na aseme.

Tatizo la kwanza halikuwa la falsafa hata kidogo: lilikuwa la vitanda. Waliotarajiwa walikuwa maelfu, waliokuja walizidi hesabu, na makadirio yanayotajwa zaidi ni watu 14,000. Vyumba vya hoteli za Nairobi havikutosha, na serikali ikataka wanawake wa Jukwaa waliokwishalipia vyumba wawapishe wajumbe rasmi, wao wahamie mabweni ya wanafunzi. Baadhi walikataa kutoka. Barrow alibaki akipita huku na huko kati ya maofisa na wageni wenye hasira, kwa subira ya mtu aliyewahi kuendesha wadi, mpaka mambo yakalainika. Wengi walilala mabwenini hata hivyo. Profesa kutoka New York akajikuta kwenye kitanda cha chuma cha mwanafunzi wa mwaka wa pili, akipanga foleni ya maji asubuhi pamoja na mkunga kutoka Bangladesh.

Kisha yakaanza mazungumzo. Kwa siku kumi zilifanyika warsha zaidi ya 1,000, katika kumbi za mihadhara, Ukumbi wa Taifa, madarasa, vibarazani na kwenye nyasi. Gazeti la Jukwaa lilitoka kila siku likiwa na ratiba, na ratiba hiyo ilikuwa imebadilika kabla wino haujakauka. Chumba kikijaa, watu walihamia nje. Mada zilianzia mikopo na maji, zikapita kwenye sheria za mirathi, uzazi wa mpango, vipigo vya majumbani, wakimbizi, silaha za nyuklia na madeni ya mataifa maskini. Palikuwa na maonyesho ya zana na teknolojia nafuu za kumpunguzia mwanamke kazi. Palikuwa pia na soko, kwa kuwa hakuna mkutano wa wanawake wa Afrika usio na soko, na kiondo cha Kenya kilichokuwa kikianza kupendwa ng'ambo kilisafiri kwenda kila bara mwezi ule.

Kilichoitofautisha Nairobi na Mexico na Copenhagen kilikuwa sura za watu. Waafrika walikuwa wengi kuliko wakati wowote uliotangulia, na kati yao wanawake wa vijijini waliofika kwa mabasi na vikundi vyao. Wengi walikuwa wanachama wa Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 wakati wa ukoloni. Nyimbo na ngoma zilikatiza mijadala bila kuomba ruhusa. Lugha ilikuwa kikwazo, kwani warsha nyingi ziliendeshwa kwa Kiingereza bila mkalimani, na Kiswahili hakikuwa, na mpaka leo si, miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Mwanamke aliyetembea tangu alfajiri kuja kusikia habari za kilimo aliweza kukaa saa nzima akisikiliza takwimu za shamba lake bila kuelewa neno, mpaka jirani yake amnong'oneze.

Katikati ya nyasi lilisimamishwa hema la mistari ya buluu na nyeupe, likaitwa Hema la Amani. Waliolileta walikuwa kikundi cha kimataifa cha wanaharakati, nao walikuwa na wazo moja: wanawake ambao mataifa yao yanapigana wakae chini uso kwa uso. Wapalestina na Waisraeli walikaa. Wairani na Wairaki, ambao nchi zao zilikuwa vitani tangu mwaka 1980, walikaa. Wamarekani na Wasovieti walikaa. Isidhaniwe kwamba mle ndani kulikuwa na mapatano matupu. Sauti zilipanda, watu walilia, wengine walitoka wakiapa kutorudi na kesho yake wakarudi. Copenhagen, miaka mitano kabla, ugomvi wa Mashariki ya Kati ulikuwa umeusambaratisha mkutano karibu wote. Nairobi ugomvi ulipewa hema lake, na shughuli nyingine zikaendelea.

Si mbali na hema hilo, chini ya mti, Betty Friedan alikuwa akikutana kila siku na yeyote aliyetaka kubishana naye. Mmarekani huyo, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kiliamsha wanawake wa tabaka la kati nchini mwake, alikaa kwenye nyasi kama mwalimu wa chuoni, akaulizwa maswali ambayo kitabu chake hakikuwahi kuyafikiria. Angela Davis naye alikuwepo, na Bella Abzug, mwanasheria aliyekuwa mbunge kule Washington. Lakini majina makubwa hayakutawala. Tangu Mexico wanawake wa nchi maskini walikuwa wakilalamika kwamba wenzao wa Magharibi huja na ajenda iliyokwisha kuandikwa. Safari hii walikuja na yao.

Mfano bora ni kikundi kilichojiita DAWN. Kilizaliwa Bangalore, India, Agosti 1984, pale mchumi Devaki Jain alipowaita watafiti wa Asia, Afrika, Karibiani na Amerika ya Kusini wajadili hali ya wanawake wa mataifa hayo. Nairobi walileta andiko lililosimamiwa na Gita Sen na Caren Grown, wakaendesha warsha zilizofurika. Hoja yao ilikuwa kwamba muongo mzima watu wamesema wanawake waingizwe kwenye maendeleo. Je, maendeleo yenyewe ni ya namna gani? Madeni, mazao ya kuuza nje, masharti ya wakopeshaji, matumizi ya kijeshi: hivyo ndivyo vinavyompokonya mwanamke maji na chakula, na kumwingiza humo si kumsaidia. Wenyeji hawakuhitaji kufafanuliwa sana. Kenya ilikuwa imechukua mkopo wa marekebisho ya uchumi wa Benki ya Dunia mwaka 1980, na mwaka 1984 ukame uliwafanya watu wapange foleni za unga. Tarehe 13 Julai, Jukwaa likiwa katikati, wanamuziki wa Uingereza na Marekani walipanda majukwaa ya London na Philadelphia kuchangisha fedha kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni. Siku zilezile, kama mwendo wa saa mbili kwa ndege kutoka Addis Ababa, wanawake wa Kiafrika walikuwa wakieleza kwa nini anayelima chakula ndiye anayekosa hati ya shamba. Kamera nyingi zilikuwa kwingine.

Suala la ukeketaji lilionyesha mabadiliko hayo kwa namna nyingine. Copenhagen lilikuwa limezua kisirani, kwa kuwa wanawake wa Ulaya na Marekani walilisimamisha jukwaani kana kwamba wenye miili hiyo hawamo ukumbini. Nairobi Waafrika waliliongoza wenyewe. Tayari mwaka 1984 walikuwa wameunda kule Dakar kamati ya bara zima ya kupambana na mila zenye madhara, chini ya Berhane Ras-Work wa Ethiopia. Kenya nako Rais Moi alikuwa ameipiga marufuku desturi hiyo kwa tamko mwaka 1982, ingawa tamko halikufika mbali. Mjadala haukupungua ukali. Uliondokewa na dharau tu, na hilo likatosha watu kuanza kusikilizana.

Yako mambo yaliyowatia wenye nchi kiwewe. Filamu za wageni zilitakiwa zipitie kwa wakaguzi kwanza. Wanawake wapenzi wa jinsia moja walipojitokeza na kuzungumza waziwazi kwenye nyasi, umati ulijaa kuwazunguka, wengi wakiwa Wakenya waliokuja kuuliza maswali ya wazi kabisa: mnaishije, nani anakata kuni, watoto mnawapata wapi. Askari kanzu walikuwa wengi. Wangari Maathai, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ametolewa kwenye nyumba ya chuo, sasa alirudi kama mwenyeji. Vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani, lililoanza kwa miche michache tarehe 5 Juni 1977, liliendesha warsha na kuwapeleka wageni vijijini wakaone vitalu vya miti na wanawake wanaovitunza. Kutokana na ziara hizo maombi ya kufundishwa yalikuja kutoka nchi nyingine za Afrika, na mwaka 1986 ukaundwa mtandao wa bara zima. Micere Mugo hakuwepo. Chuo alichokiongozea kitivo kilipokea maelfu ya wanawake, naye hakuweza kukanyaga nchini mwake.

Kule KICC mambo yalikwenda kwa itifaki. Margaret Kenyatta, binti wa rais wa kwanza na meya wa Nairobi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, alichaguliwa kuwa rais wa mkutano; Leticia Shahani wa Ufilipino alikuwa katibu mkuu; Maureen Reagan, binti wa rais wa Marekani, aliongoza ujumbe wa nchi yake. Tarehe 20 Julai, siku moja baada ya Jukwaa kufungwa, P. W. Botha alitangaza hali ya hatari Afrika Kusini, na ubaguzi wa rangi ukazidi kupamba moto katika majadiliano. Mpaka usiku wa mwisho wajumbe walikwama kwenye neno moja, Uzayuni, ambalo baadhi ya nchi zilitaka litajwe kama kizuizi kwa maendeleo ya wanawake. Kenya ikapendekeza badala yake maneno ya jumla kuhusu aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi, na alfajiri ya tarehe 27 Julai waraka wa mikakati, wenye aya 372, ukapitishwa kwa kauli moja. Watu wachache wameusoma wote.

Asubuhi hiyohiyo Kampala ilikuwa ikipinduliwa. Majeshi ya Tito Okello yalimwondoa Milton Obote tarehe 27 Julai, na wanawake wa Uganda waliokuwa Nairobi wakarudi kwenye nchi isiyojua nani anaitawala. Hata hivyo, au pengine kwa sababu hiyohiyo, ni wao waliofanya haraka kuliko wote. Novemba 1985, kabla ya kiongozi wa waasi Yoweri Museveni kuingia Kampala, kikundi cha wasomi na wataalamu, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Makerere, kiliunda ACFODE, shirika la hatua kwa maendeleo. Miongoni mwa waasisi alikuwemo Joy Kwesiga, msomi wa Makerere. Miria Matembe, mwanasheria mwenye ulimi usiogopa, alikuja kuliongoza. Walichokileta kutoka Nairobi kilikuwa aibu. Walikuwa wameona wenzao wa Kenya na wa nchi nyingine wakija na vyama, machapisho na hoja zilizopangwa, nao hawakuwa na kitu cha namna hiyo.

Makerere penyewe palikuwa na deni la zamani. Kauli mbiu yake ya kwanza ilihimiza wanafunzi wawe wanaume, na ilipopokea wasichana sita mwaka 1945 ikabidi kauli hiyo ibadilishwe iwe ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Miaka arobaini baadaye wasichana bado walikuwa wachache. ACFODE ikadai wizara ya wanawake, na mwaka 1988 ikapatikana. Ikadai idara ya taaluma za wanawake, na mwaka 1991 ikafunguliwa Makerere. Mwaka mmoja kabla, chuo kilikuwa kimeanza kuwaongezea wasichana alama moja na nusu katika ushindani wa kuingia, uamuzi ambao mpaka leo unazua ubishi kwenye vibaraza vya mabweni. Walioupinga walidai unashusha hadhi. Waliouunga mkono waliuliza ni nani aliyechota maji na kupika wakati kaka yake akisoma kwa taa.

Tanzania mambo yalianzia kwingine, na hapa inafaa kuonya dhidi ya tabia ya kuhesabu kila kitu kuwa mtoto wa Nairobi. Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, warsha ya taaluma za wanawake ilifanyika Septemba 1979, na mwaka 1980 vikundi vya utafiti vya wanawake vikaanza kazi. Ophelia Mascarenhas na Marjorie Mbilinyi walichapisha mwaka 1983 orodha nene ya maandishi yote waliyoyapata kuhusu wanawake wa Tanzania. Penina Muhando alikuwa ametoa mwaka 1982 tamthilia yake Nguzo Mama, inayowachora wanawake wakihangaika kusimamisha nguzo yao. Nairobi iliwaongezea upepo: mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake waliunda TAMWA, na gazeti lao wakaliita Sauti ya Siti kwa heshima ya mwimbaji Siti binti Saad.

Lakini Mlimani hapohapo, mwaka 1990, msichana wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa kwa muda na wanafunzi wa kiume aliowakataa. Silaha yao mojawapo ilikuwa Panchi, makaratasi ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi, yenye katuni na matusi, ambayo kwa miaka mingi yalichekewa kama utani wa vijana. Baada ya kifo hicho hakuna aliyecheka. Wanaharakati walipigia kelele unyanyasaji wa kingono vyuoni na kwingineko, na kampeni hizo zikachangia kuzaliwa kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Mwaka 1996 idara ya sanaa za maonyesho ya chuo hichohicho ilianzisha Tuseme, mradi wa kuwafundisha wasichana wa sekondari kuigiza matatizo yao mbele ya walimu wanaowatesa. Penina Muhando, kwa jina la ndoa Mlama, na Amandina Lihamba ndio waliokuwa nyuma yake.

Wenyeji walipata nini? Mwaka uleule wa 1985 wanasheria wanawake waliunda tawi la Kenya la FIDA, ambalo limewatetea maskini mahakamani tangu hapo. Mbali na hilo, serikali ilifunga mlango iliokuwa imeufungua. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na KANU, chama tawala. Maathai alipopinga mwaka 1989 kujengwa kwa jengo la ghorofa 60 la chama hicho katika bustani ya Uhuru, wabunge walimkejeli, ofisi ya vuguvugu lake ikafukuzwa kwenye jengo la serikali, na viongozi wa Maendeleo ya Wanawake wakajitokeza kumlaani. Jengo halikujengwa. Februari 1992 alikaa kwenye kona ya bustani hiyo pamoja na mama waliogoma kula, ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa, na tarehe 3 Machi polisi walipowavamia kwa marungu, baadhi ya mama wale walivua nguo mbele yao. Askari wakageuza nyuso. Muthoni Nyanjiru alikuwa amekufa miaka sabini kabla, na hakuna aliyehitaji kueleza maana ya kitendo kile.

Mkutano wa nne ulipofanyika Beijing mwaka 1995, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Ukerewe, mhitimu wa Mlimani, ambaye Nairobi alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa mkutano. Waliohudhuria jukwaa walikaribia 30,000. Wachina, hata hivyo, walikuwa wamejifunza kitu kutokana na Nairobi ambacho wanaharakati hawakukipenda: jukwaa waliliweka Huairou, mji mdogo ulio mwendo wa saa nzima kwa basi kutoka walikokaa wajumbe wa serikali. Mwanamke mwenye malalamiko hakuweza tena kuvuka barabara akamshike waziri wake mkono.

Makerere, Julai 2002, idara iliyozaliwa kwa madai ya ACFODE iliandaa kongamano la dunia la taaluma za wanawake, la kwanza la mfululizo huo kufanyika Afrika. Walikuja wasomi kutoka mabara yote, na safari hii lilikuwa mali ya chuo chenyewe: idara yake, walimu wake, wanafunzi wake waliokuwa wakipokea wageni getini. Joy Kwesiga alitoa mwaka huohuo kitabu chake juu ya wanawake na elimu ya juu nchini Uganda. Mwaka 2005 alikabidhiwa Chuo Kikuu cha Kabale akiongoze.